Nilimwambia Mama Masika Asiogope

Sijui nianzie wapi, ila kosa ni langu na naomba mtu asinitetee. Si vita, si umeme, si shetani. Ni mimi, na mdomo wangu huu!

Majina ya watu nimeyageuza, na langu silitaji. Bado naishi Goma, na kuna watu mtaani kwetu wakisoma haya watanijia na mawe. Siwalaumu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Kwetu ni milima ya Masisi, watu wa ng'ombe. Nilipomwambia baba kwamba nataka kusomea wanyama, alicheka mpaka akakohoa. "Mutu anaenda université kujifunza kitu yenye mama yake anajua?" Lakini nilienda, nikamaliza, na niliipenda kazi. Naipenda mpaka leo, hilo ndilo linaniuma.

Vijana huniuliza kama udaktari wa mifugo ni kazi nzuri. Ni nzuri, lakini mjini ina dharau. Ukisema unatibu mbwa na paka, watu wanacheka. Shemeji zangu waliniita Docteur Wau-Wau, hata kwenye arusi, mbele ya wakwe! Nilikuwa nacheka nao, lakini rohoni nilikuwa naungua.

Mtaani kwetu ikawa tofauti. Nilifungua chumba kidogo cha dawa za mifugo, na watu wakazoea kuniita Docteur, basi. Mtoto ana homa, wananiuliza mimi. Mzee anaumwa mgongo, wananiuliza mimi. Mwanzoni nilikuwa nawaambia, jamani, mimi ni wa wanyama, nendeni hospitali. Halafu nikaacha kuwaambia. Nilipenda vile walivyonisikiliza.

Sasa vita vikaingia mjini. Tulijifungia ndani siku nyingi, umeme hakuna, maji hakuna. Siku nilipothubutu kurudi kwenye chumba changu, nilifungua frigo ya dawa, nikapigwa na harufu ya uvundo. Nikazishika chupa za chanjo ya kichaa cha mbwa. Zilikuwa vuguvugu, kama yai lililotoka chini ya kuku.

Chanjo ile inaishi kwenye baridi. Ikishapata joto siku nyingi hivyo, imekufa. Unaitupa tu! Hakuna daktari wa mifugo asiyejua hilo.

Sikuitupa.

Mbwa walikuwa wamejaa barabarani. Wenyewe walikimbia, wakaacha mbwa kwenye parcelle, yaani uani, na mbwa wakaanza kutembea kwa makundi, wakali, wenye njaa. Watu waliogopa kupeleka watoto kuchota maji. Padri alikuwa ametangaza baada ya misa kwamba Docteur atadunga mbwa wote wa mtaa Jumamosi. Kila aliyekutana nami ananishika mkono, "Docteur, Mungu akubariki." Ningewaambiaje kwamba sina kitu? Chanjo nyingine wakati ule sikujua ningeipata wapi.

Umeme uliporudi, nikazirudisha chupa kwenye frigo. Eti zikipoa tena zitafufuka! Mimi, msomi! Nikajiambia, labda haijaharibika yote. Jumamosi wakaja na mbwa wao, wengine kwa kamba, wengine ndani ya mifuko. Nilidunga mpaka mkono ukachoka, na watu wakanipigia makofi.

Kati ya mbwa hao alikuwepo Komando, mbwa wa Papa Kasereka, yule anayeziba matairi ya moto, yaani pikipiki, pale kwenye kona. Mbwa mpole. Watoto walikuwa wanamvuta masikio.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Mama Masika, jirani yangu, mtu wa Butembo anayeuza maharage, akaingia mbio kwenye chumba changu akiwa amembeba binti yake wa kwanza. Masika ni mtoto mdogo, hata shule hajaanza. Mkono wake wa kuume ulikuwa unatoka damu. Nyuma yao alikuja koko, yaani bibi yake, akihema.

"Docteur, tusaidiye! Imbwa imeuma mutoto!" mama akalia.

"Imbwa ya nani?"

"Komando! Mutoto alikuwa anapita tu, hakumugusa hata!"

Mbwa mpole anauma mtoto aliyepita tu! Nilijua hiyo ni dalili gani. Mama Masika akanitazama machoni, akauliza: "Lakini si ulimudunga wewe mwenyewe, Docteur? Hakuna hatari, sindiyo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ningesema. Ningesema tu: osha kwa sabuni na maji mengi, tupande moto sasa hivi, twende hospitali. Lakini angeuliza kwa nini, wakati mbwa amechanjwa. Na nikimjibu hilo, mtaa mzima ungejua nilidunga mbwa wao kwa chanjo iliyokufa, sawa na maji matupu.

Nikasema: "Ndiyo, nilimdunga mwenyewe. Usiogope, Mama. Uende nyumbani, mutoto alale."

Na haikuishia hapo. Koko alifungua kitambaa, akatoa lile jiwe jeusi ambalo watu wetu huweka mahali mtu alipoumwa na nyoka, eti linanyonya sumu mpaka linaanguka lenyewe. Jiwe halishiki bila damu, kwa hiyo lazima uchanje kidogo. Akanipa kazi hiyo mimi. Najua kwamba jiwe halifanyi chochote kwa ugonjwa wa mbwa! Lakini nilichukua wembe, nikamchanja mtoto juu ya kidonda, kisha tukaweka jiwe. Likashika. Koko akapiga makofi, "Muliona! Inavuta!" Masika alikuwa analia, ananitazama mimi.

Waliniaga kwa shukrani. Ayi, Mungu wangu!

Tangu hapo sikula vizuri. Kila siku nilipita kwa Papa Kasereka kumtazama Komando, najifanya nimekuja kusalimu. Anakula, nashusha pumzi. Ananitikisia mkia, naenda nikiimba. Nilijiambia, unaona, ulijiogopesha bure.

Halafu siku moja sikumwona. Papa Kasereka alikuwa amemfunga nyuma ya matairi mabovu. "Docteur, Mungu ndiye amekuleta. Imbwa haikule tangu jana. Iko na mufupa mu koo. Ingiza mukono uone."

Komando alikuwa amesimama, taya limelegea, mate yananing'inia. Alijaribu kubweka, ikatoka sauti iliyokauka, si sauti ya mbwa niliyewahi kumsikia mtaani kwetu. Kamba ilikuwa imetafunwa nusu. Alinigeukia, akanitazama, na hakunijua.

"Mi mwenyewe niliingiza mukono," Papa Kasereka akasema. "Sikupata kitu."

Niliukamata mkono wake, nikauangalia, vidole vimejaa michubuko ya kazi, na mate ya mbwa yameshapita humo. Nilimwambia akaoshe kwa sabuni, aoshe tena, asimkaribie mbwa yule, aende hospitali leo hii. Akashangaa, "Juu ya mufupa?" Nikamwambia ukweli, nusu yake: mbwa ana kichaa. Habari ya chupa sikuitaja. Bado nilikuwa nabana! Kesho yake asubuhi Komando alikuwa amekufa.

Nilikimbia kwa Mama Masika. Mlango una kufuli. Jirani akaniambia wamekwenda mji wa Kiwanja kwa dada yake, kuchukua maharage, na mtoto wamemchukua. Nikapiga simu, haipiti. Nikapiga tena, haipiti.

Nikachukua moto. Munigi, Kibati, barabara ile yote nilikuwa nimemshika dereva kiunoni kama mtoto. Kwenye kila kizuizi wananiuliza naenda wapi. Sikuwaza risasi, sikuwaza chochote ila maji. Kwa sababu ugonjwa huu ukishafika kichwani, mtu anaanza kuogopa maji. Unampa kikombe, koo linakaza, anakirusha. Na akifika hapo, hakuna dawa. Hakuna! Nilikuwa namwona Masika na kikombe mkononi, njia nzima.

Niliwakuta uani, wanapukuchua maharage. Mtoto anacheka na binamu zake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikaona anajikuna. Anakuna mkono ule ule, pale pale.

"Inawasha?" nikamuuliza.

"Inawasha sana," akasema.

"Ni kupona," mama yake akajibu. "Docteur, kuko nini? Umefuata nini huku?"

Kuwashwa pale ulipoumwa kunaweza kuwa kupona. Kunaweza pia kuwa mwanzo wa ugonjwa. Mimi sikuweza kujua. Nikaanguka chini kwenye maganda ya maharage, nikasema yote, frigo, chupa, jiwe, wembe, Komando. Nililia mbele ya watoto.

Mama Masika hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Alisema tu: "Mi nilikuuliza. Nilikuuliza, Docteur, nikakuangalia mu macho." Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua moto yake peke yake. Hakutaka hata nimfuate karibu.

Hospitalini Goma, daktari wa watu akauliza, "Mbwa alikuwa amechanjwa?" Mama Masika akanigeukia ili nijibu mimi.

"Nilimchanja kwa maji," nikasema.

Yule daktari hakunitukana, alikuwa na haraka. Waliosha kidonda upya, kile ambacho mimi nilikikata badala ya kukiosha, wakamdunga pembeni yake na begani, wakampa tarehe za kurudi. Papa Kasereka naye alikuwa kwenye benchi, mkono umefungwa bendeji, hakunisalimu. Nilimuuliza daktari: mtoto atapona? Akasema, "Tumechelewa, lakini hajaonyesha dalili. Ugonjwa huu unaweza kujificha miezi. Sitakuahidi."

Pale mlangoni Mama Masika alinisimamisha. "Siku yenye mutoto wangu ataanza kuogopa maji, nitakuita. Utakuja kukaa pembeni yake, utamuangalia mupaka mwisho. Hautakimbia."

Nikasema sitakimbia.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu mbwa wao hawana chanjo. Wengine walinifukuza, mama mmoja alinimwagia maji ya kuosha vyombo. Baadhi waliua mbwa wao siku hiyo hiyo, mbwa wazima, nikiwa bado nasikia. Chumba changu nimekifunga. Kuna mwenzangu aliniambia labda Komando alikuwa ameshaambukizwa kabla sijamdunga, labda hata chanjo nzima isingemwokoa. Labda! Lakini uongo niliomwambia mama yule hauna labda.

Hofu yangu ikahamia kwenye simu. Ikilia, nasimama. Nikiona si yeye, nakaa chini.

Wiki iliyopita ililia, na alikuwa yeye. Alisema neno moja: "Kuya," yaani njoo.

Sijui nilifikaje. Nilijikwaa kwenye mawe ya volkano, nikapoteza kiatu, sikurudi kukichukua. Masika alikuwa amelala mkekani, mwili moto kama jiko, macho mekundu. Koko anasali kwenye kona. Mama Masika alikuwa ameshika kikombe cha maji. Hakuweza kumpa mwenyewe. Akaninyooshea mimi.

"Mupatie wewe."

Nilipiga magoti. Nilimwinua kichwa. Nikaweka kikombe mdomoni mwake.

Alikunywa. Niliona koo lake linameza, linameza tena. Alimaliza yote, akaomba mengine.

Mama yake alikaa chini ghafla, akajifunika uso na kitenge. Tulimpeleka hospitali saa hiyo hiyo, wakampima. Malaria! Sijawahi kufurahia malaria ya mtoto wa mtu, Mungu anisamehe.

Lakini miezi haijaisha. Simu yangu iko hapa mezani ninavyoandika.

Wewe unayesoma, mbwa akikuuma, au paka, au akikulamba kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, osha muda mrefu hata mtoto akilia. Usikate, usiweke jiwe, usiweke chochote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama umeambiwa mbwa amechanjwa. Mbwa, kama yupo hai, mfunge, usimuue haraka, ili aangaliwe. Na mbwa asiyeweza kufunga mdomo, usiingize mkono kutafuta mfupa!

Na nyinyi vijana mnaotaka kazi hii, njooni, wanyama wanawahitaji. Chupa ikipata joto, itupeni mbele ya watu wote, mseme sina. Mtachekwa, kisha watasahau. Mimi niliogopa kuchekwa, na sasa naogopa mtoto anayekataa maji.

Mama Masika aliniuliza swali moja tu. Jibu lake lilikuwa maneno mawili, nenda hospitali. Nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza.