Kwa Nini Kamanda Alirudi Vitani

Mtaani walimwita Koplo, ingawa jeshi alikwisha kuliacha zamani na siku hizi alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi. Friji zilisimama ukutani milango wazi, matumbo nje, na ili kufika sebuleni ilibidi upite ubavu ubavu. Yeye alipita akichechemea, maana mguu wa kushoto ulikuwa na vyuma tangu vita vya mwisho. Mteja akimuuliza habari za huko, alijibu, "Kule hakuna friji, ndiyo maana nikarudi." Watu walicheka, wakabeba vitu vyao, wakaenda zao.

Aliyekuwa mkewe alikuwa ameolewa kwingine. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alipata kazi mji wa mbali. Siku anahama alimwachia mashine yake ya gemu. "Cheza, baba," alimwambia. "Angalau utakuwa na mtu wa kugombana naye."

Kwanza Koplo aliidharau. Mashine ilikaa chini ya televisheni ikila vumbi hadi upweke ulipomkaba, akashika pedi ya kuchezea. Lilikuwa gemu la vita vya angani, lenye sehemu tatu, na shujaa wake aliitwa Kamanda tu. Katika sehemu ya kwanza Kamanda alilipiza kisasi cha mji wake ulioteketezwa. Katika ya pili alipigana ili askari wa chombo chake wasife. Ya tatu ilimkuta amestaafu, ana mvi, anaishi na mtoto wake kwenye sayari tulivu. Siku moja wito ukaja, naye akavaa koti lake la chuma, akaondoka. Alimwambia mtoto, "Naenda kwa ajili yako."

Koplo hakumwamini. Alikuwa amemtazama Kamanda pale nyumbani: analala kwenye kiti, uso umeelekea mlangoni, na chakula anakigusa tu. Wito ulipoingia, mabega yake yalinyooka. Koplo aliirudia sehemu hiyo mara nyingi, akitazama mabega tu.

Binti alikuwa akipiga simu Jumapili mchana. Wakishamaliza kuulizana afya, mazungumzo yalikauka, na gemu ndilo lililowaokoa.

"Umefika wapi?" binti aliuliza Jumapili moja.

"Kamanda anaaga."

"Hapo mimi hulia. Naona kama ni wewe."

"Mimi kivipi?"

"Si ulirudi vitani kwa ajili yangu? Ili nisome shule nzuri. Ukaumia mguu."

Maneno hayo Koplo aliyasema mwenyewe getini siku ya kuondoka, begi begani, binti akiwa bado ana mapengo ya meno. Angeweza kuyaacha yaendelee kuishi, hayakuwa yakidai chakula.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Kazi ilikuwepo hapa hapa. Ila nikiamka asubuhi nilikuwa sijui mikono niiweke wapi. Mama yako akiniuliza aniongezee chai, naona kama nimeulizwa jambo zito. Kule nilijua nani yuko kulia kwangu, nani kushoto. Waliponiita nilifurahi. Shule yako yalikuwa maneno ya kuagia."

Upande wa pili binti alivuta kamasi.

"Unajua mimi nilisoma kwa hofu? Kila nikifeli hesabu nauona mguu wako."

"Kwani ulifeli mara ngapi?"

"Baba!"

"Basi mguu huu si wako. Ni wangu mwenyewe."

Binti alicheka kidogo huku analia. Akasema amekasirika, halafu amepumua, na hajui kipi kimetangulia. Akakata simu.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Wala iliyofuata. Koplo alitembea na simu kwenye mfuko wa shati, akaitia chaji hata ikiwa imejaa. Gemu hakuligusa. Jioni alikaa sebuleni akisikiliza friji moja aliyoitengeneza ikinguruma, na ilipozima alijikuta anaingoja iwake tena. Mteja alipokuja kuichukua, Koplo alimwambia aiache kidogo, anaichunguza. Friji haikuwa na tatizo lolote.

Simu iliita siku ya kazi, asubuhi, Koplo akiwa amelala kifudifudi anabandika mpira wa mlango. Alipokea kwa kidole chenye gundi.

"Baba, wakati ule ulipokuwa nyumbani na sisi," binti alisema bila salamu, "ulikuwa unalalaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Alijiinua, akakaa sakafuni katikati ya friji, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Vibaya," alisema. "Una nafasi?"

"Ninayo kidogo. Nipo kazini."

"Basi nitakuambia kidogo."

Akaanza na kiti alichokuwa akilalia, na jinsi alivyokigeuza kielekee mlangoni kila usiku baada ya mama wa binti kwenda kulala. Binti alisikiliza hadi alipoitwa na bosi wake. Simu ilipokatika, Koplo alikaa palepale muda mrefu, akimalizia kusimulia peke yake.