Debe la Daku Lililofukia Mashimo ya Nguruwe

Saa kumi alfajiri, Jumamosi ya mwisho ya Kwaresima, Mwantumu Halfani anajifunga kanga ya pili, anachukua debe bovu la mafuta ya taa na kutoka kwenye baridi ya Iringa.

"Amkeni mle daku, enyi mnaofunga!" anaita, akilipiga debe kwa kipande cha mchi. Akifika ukingoni mwa mashamba anageuza maneno: "Na nyie wenye pua ndefu, rudini porini. Hapa hamna karamu!"

Bondeni unasikika mguno, kisha vishindo vya kukimbia. Mwantumu anacheka peke yake.

Katika kijiji hiki kilicho jirani na Tosamaganga, nyumba za Waislamu ni saba tu. Nyingine zote ni za Wakatoliki. Mwislamu hagusi nguruwe. Mkatoliki humla, lakini Kwaresima huacha nyama na mkuki hutundikwa. Basi mahindi yanapobeba, nguruwe-mwitu hawana wa kumwogopa.

"Wanaijua kalenda ya padri kunishinda mimi," asema jirani yake, Liberatus.

Hatari kubwa ni mashimo ya kuwanasia. Kwa kuwa nyama haitakiwi, hakuna anayekwenda kuyatazama, na majani huyafunika. Mwaka jana, 1956, Mwanakhamisi, binti wa Mwantumu mwenye miaka tisa, alitumbukia katika shimo la Liberatus akiokota kuni. Alikaa humo toka adhuhuri hadi magharibi, mguu umevunjika.

"Je, angemkuta nguruwe humo?" auliza Mwantumu. "Leo ningekuwa nasimulia nini?"

Mguu ulipopona alimfuata jirani. "Baba Crispin, fukia mashimo."

"Na mahindi yangu atalinda nani, Mama Mwanakhamisi? Malaika?"

"Mimi. Ramadhani hii naamka kupiga debe la daku. Nitazunguka na kwako."

Wakakubaliana. Mashimo yote manne yakazibwa kwa magogo. Mahindi yakifika Pasaka salama, mashimo yatafukiwa kabisa; yakiliwa, mashimo yatafunguliwa.

"Bibi huyu atatusilimisha kwa kutunyima usingizi," Liberatus alilalamika wiki ya kwanza. Ya pili, mkewe Apolonia akaanza kuamka pamoja na Mwantumu, akipika uji huku wakipiga soga uani.

Wazazi mnaosoma haya, msingoje Pasaka. Nendeni leo mkatazame mashimo yenu. Mtoto hajui Kwaresima wala Ramadhani. Yeye anaona majani tu.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, Liberatus anakagua shamba mstari kwa mstari. Anasimama. Mabua mawili hayana mahindi.

"Haya ni nini?"

Apolonia anaangua kicheko.

"Nguruwe gani anayevunja hindi kwa mkono, Baba Crispin? Nilichoma mimi jana!"

Liberatus anacheka mpaka anaketi chini. Kisha anachukua jembe. Kufikia alasiri mashimo manne yamejaa udongo, na Mwanakhamisi, akichechemea kidogo, anapanda mbegu za maboga juu yake.

Lakini Mwantumu ana wasiwasi mmoja. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka. Iko siku itauacha msimu wa mahindi. Kwa hiyo anamfundisha Apolonia.

"Kwaresima yenu haitoki kwenye mahindi," asema. "Mwezi wangu ukihama, mtapiga nyie."

Apolonia analipiga debe. Mdundo unakwenda mrama.

"Hapo utawaita nguruwe, mwenzangu!" Mwantumu anamwambia. "Haya, rudia."