Majani ya Bondeni

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, ni mkata majani. Ana ng'ombe mmoja tu, tena ana mimba. Mimi sikai mahali. Napita huku, napita kule, nikichoka naishia kwake. Safari hii nilimkuta ng'ombe amevimba chini ya taya kama ameficha chungwa, na shemeji hacheki.

"Umekuja na miguu yako isiyo na breki," akaniambia. "Basi kaa. Daktari wa mifugo yuko njiani. Huyu akifa, shemeji, sina kingine."

Daktari akaja, kijana mpole. Akafunua jicho la ng'ombe, ndani kweupe, damu imepungua. Akauliza majani yanatoka wapi.

"Bondeni, ukingoni mwa maji. Lakini nayaosha, mwanangu. Mimi si mchafu."

"Unayaoshea wapi, mama?"

Akamwonyesha hori. Na maji yale hamwagi, humwachia ng'ombe anywe. Daktari akainama. Akaokota bua, akaweka ukucha karibu na shina. Vidoa vyeupe, kama vimechomwa kwa ncha ya sindano.

Akatueleza, nami naandika nilivyoelewa. Minyoo bapa ya ini hukulia utoto wake ndani ya konokono wa majini. Watoto hao wakitoka wana mkia, wanaogelea. Wakigusa bua wananata, mkia unakatika, kisha wanatoa ute unaowafunika mwili mzima na kukauka ukawa gamba. Humo wanajikunyata, wiki baada ya wiki, wakingoja mdomo. Kuosha hakuwasumbui, anayebanduka anabanduka na gamba lake, ananywewa hivyo hivyo. Gamba hufunguka tumboni, naye hutoboa njia hadi kwenye ini.

"Kwa hiyo nimemnywesha mwenyewe," shemeji akasema.

"Hukujua, mama. Hebu mshike kichwa."

Tukamnywesha dawa kwa chupa. Daktari hakutuficha: dawa itaua minyoo, ila ini limeshaliwa. Kesho asipokula, tusijipe moyo sana.

Asubuhi shemeji akapanda mlimani, akarudi na majani makavu, magumu. Ng'ombe akanusa, akageuza uso.

"Usinifanyie hivyo, bibi wewe," akamwambia kwa sauti ya chini. "Yale laini ndiyo yanakuua. Kula haya."

Nilisimama mlangoni mwa banda, hata kukohoa naogopa. Ng'ombe akashusha pumzi. Akarudisha kichwa, akavuta bua moja, akatafuna polepole, taya likienda kama linafikiri. Kisha la pili.  Shemeji akamshikia la tatu.