Kumngoja Anayesoma

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Mandera, niliingia darasani kwa Bismillahi na kutoka nikiwa sijui nimefundisha nini. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na upepo wa upande wa mto Daua ulimwaga vumbi juu ya vitabu. Mwalimu mkuu aliyenipokea alinikuta nikizunguka kati ya safu. Aliniambia nisimame mahali pamoja, kwa sababu mwalimu asiyetulia hufanya darasa lisitulie. Namshukuru hadi leo, ingawa kutulia sikuweza.

Kutoka Mandera nilihamishiwa Wajir, kisha Garissa, katika shule ya mtaa wa Iftin, na huko ndiko nilikostaafia. Kote nilifundisha madarasa ya chini kusoma. Kazi yenyewe, kwenu mnaoingia sasa, ni hii: mtoto huanza na sauti ya herufi, halafu silabi, yaani sauti zilizoshikana, halafu neno, halafu sentensi. Mtoto wetu ana mzigo zaidi. Nyumbani ni Kisomali, kwenye duksi, yaani chuo cha Kurani, ni Kiarabu, na Kiswahili hukikuta shuleni.

Lakini kilichonikosesha raha miaka yote si silabi. Ni namna watoto wanavyomtazama mwenzao anapokosea. Kicheko kimoja kinaweza kumfunga mtoto mdomo muhula mzima.

Baada ya ukame kumaliza mifugo ya kwao, msichana aitwaye Hodan aliletwa mjini kwa adeer yake, ndugu wa babake, mwenye duka dogo pale Iftin. Alikuwa mrefu kupita wote katika Gredi ya Tatu, na hakujua kusoma Kiswahili. Alipoketi tu, Liban, mtoto asiyeweza kunyamaza, akamwuliza kwa Kisomali, "Shangazi, umekuja kutuchukua twende nyumbani?"

Darasa likacheka. Nilifika kwenye dawati la Liban kabla sijajua nitasema nini, lakini Hodan alinitangulia.

"Nimekuja kukuchunga," alimjibu. "Nimezoea mbuzi."

Walicheka zaidi, Liban kuliko wote. Kesho yake alihamia dawati la nyuma ya Hodan.

Mwalimu mkuu wa shule ile, mtu mkali na mwadilifu, alinipa muhula mmoja. Kama Hodan hangeweza kusoma ukurasa peke yake mbele yake, angeshushwa Gredi ya Kwanza. Adeer yake akaja shuleni akanieleza kwa upole kwamba hawezi kumketisha msichana mkubwa hivyo na watoto wadogo. Akishushwa, atamrudisha kwa mamake na habari ya shule itaishia hapo. "Maalim, mimi sikatai elimu," alisema. "Lakini aibu hiyo sitambebesha."

Nikawa namfundisha wenzake wanapokwenda kucheza, naye akajitahidi. Darasani mambo yalikuwa mengine. Kila aliposimama kusoma na kukwama, neno lilimfikia kutoka nyuma: kwanza Liban, halafu jirani yake, halafu darasa zima kwa sauti moja. Siku moja mwalimu mkuu alipita dirishani akasikia. Akaniita ofisini.

"Hao wanamfanyia udanganyifu," alisema. "Siku ya mtihani wangu, yeyote akimpa neno, mtihani umeisha na msichana anashuka."

Nilimwambia kwamba kwao huo si udanganyifu. Tangu duksi wamefundishwa kwamba imamu akisahau aya katikati ya sala, walio nyuma yake humkumbusha kwa sauti. Kunyamaza huku ndugu yako amekwama ndiko kosa. Akasema analijua hilo, amesali maisha yake yote, lakini shuleni mtoto lazima asome mwenyewe.

Nilitoka nikiwa sina raha, kwa sababu alikuwa na haki. Hodan alikuwa ameanza kungoja. Akifika kwenye neno gumu alinyamaza na kutega sikio. Huruma ya wenzake ilikuwa ikimnyima kusoma, na mimi niliipenda huruma ile, sikutaka kuivunja kwa fimbo wala kwa ukali. Nililibeba jambo hilo hadi msikitini na nikarudi nalo. Mwishowe niliwauliza watoto wenyewe: imamu akinyamaza, mnamkumbusha papo hapo?

"Hapana," alisema Liban. "Tunaambiwa tungoje kwanza. Labda anavuta pumzi."

"Na Hodan je?"

Alifikiri. "Lakini Maalim, yeye anatoka jasho. Inauma kumwangalia."

Nikamwambia hata mimi inaniuma, na kwamba kungoja huku unaumia nako ni kumsaidia. Basi tukajifunza kungoja. Walikaza midomo, wengine walikalia mikono kana kwamba maneno hutokea huko. Mara ya kwanza Hodan aligeuka nyuma, uso umemshuka, akauliza kama wamemkasirikia.

"Tunakungoja," Liban alimwambia.

Siku ya mtihani mwalimu mkuu aliketi mezani kwangu. Mimi nilisimama mlangoni, kisha dirishani, kisha mlangoni tena. Hodan alisoma habari ya watu waliopanda miche kando ya kisima. Alisoma polepole, lakini alisoma. Karibu na mwisho wa ukurasa akafika kwenye neno "wakamwagilia", akakwama.

Kimya. Liban alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimlenga. Nilimwomba Mungu moyoni. Hodan hakugeuka nyuma. Kimya kilirefuka mpaka nikasikia tuktuk zikipita barabarani.

"Waka..." alisema mwalimu mkuu.

Akanyamaza ghafla, mkono mdomoni. Watoto wote walimtazama. Hodan akavuta pumzi: "Waka... mwa... wakamwagilia." Sehemu ngumu aliisoma mwenyewe, kisha akamaliza ukurasa.

Mwalimu mkuu alifunga kitabu. Hakuna aliyethubutu kusogea, isipokuwa Liban, aliyeinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "hata wewe ulingoja sana."

Mwalimu mkuu alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Abaki hapa," aliniambia, akatoka.

Sasa nimestaafu, Alhamdulillahi. Watu huniuliza jinsi ya kuwafundisha watoto huruma. Naona wengi huja nayo tayari, hata yule anayeanza kwa kumcheka mwenzake. Kinachobaki ni kuifundisha subira, na hiyo hata mimi mtu mzima hunishinda.

Juzi nilipita dukani kwa adeer yake Hodan. Hodan mwenyewe alikuwa akimpimia mteja sukari huku binamu yake mdogo akisoma maandishi ya gunia la mchele. Mtoto akakwama. Nikafungua mdomo, neno likiwa tayari ulimini. Hodan, bila kuondoa macho kwenye mizani, akaniinulia kidole ninyamaze.

Nikanyamaza.