Niliutupa Mkono Aliouunda Baba

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzoni ili usije ukasoma mpaka katikati ukanihurumia bure. Dada yangu aliniazima kitu chake, mimi nikakiharibu nikidhani nakitengeneza, kisha nikamdanganya mara mbili. Dada yangu yu hai, anakaa Qurum, hapa hapa Maskati, robo saa kwa gari kutoka kwangu. Wazazi wametangulia, na yeye ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Sijui kama nitampata tena.

Nipe nafasi nikueleze taratibu. Kueleza ndiyo kazi ninayoiweza.

Mimi hukusanya maroboti ya zamani ya Kijapani, yale ya kuchezea watoto. Kama hujawahi kuyashika, roboti la aina hii lina urefu wa shibiri moja hivi. Kifua ni cha chuma, kizito kuliko unavyodhani, miguu ya plastiki, na mikono yake ni ngumi mbili ndogo zinazoruka kwa springi ukibonyeza kitufe. Sisi tuliokulia Maskati televisheni ilipokuwa ngeni tuliyajua kupitia katuni za Kijapani zilizotiwa Kiarabu. Katuni ikianza, barazani hapabaki mtoto. Leo tuna mvi, na tunayatafuta maroboti yale yale kwa bidii ambayo hatukuwa nayo hata kwenye mitihani.

Tuna kikundi chetu, na humo wananiita Ustadh. Anayeanza huletwa kwangu. Namwonesha namna ya kusafisha viungo kwa mswaki laini, kwa nini asiweke plastiki juani, na vipi atambue skrubu ya kiwandani na iliyobadilishwa. Simkatishi mtu tamaa. Hata akija na roboti lisilo kichwa namwambia, usijali, kila mmoja wetu alianza hivyo.

Na kanuni niliyoirudia kuliko zote ni hii: kiungo kilichopotea kitafutiwe cha asili. Cha kubandika kiondolewe, kinashusha hadhi ya kitu. Nimeisema mara nyingi, kwa upole, na watu wakaiandika.

Sasa nikwambie habari ya roboti la dada yangu.

Alipewa alipokhitimu Qur'ani. Baba alimpeleka dukani Matrah achague zawadi, na yeye akapita kwenye nguo na wanasesere bila ya kugeuka, akaonesha kwa kidole roboti jekundu juu ya rafu. Mwenye duka akacheka, akasema hicho cha wavulana. Baba akamjibu, "Aliyekhitimu ndiye anayechagua." Mimi nilikuwa na miaka saba, sijafika hata nusu ya msahafu, nikarudi nyumbani na puto.

Haikupita wiki nikaliiba. Nilikwenda nalo ufukweni, nikasimama juu ya ukuta, nikabonyeza kitufe. Ngumi ya kushoto ikaruka vizuri sana, ikatua baharini.

Dada alilia siku mbili. Siku ya tatu baba, ambaye alikuwa fundi wa mashine za maboti, aliketi uani baada ya kazi na kopo la samaki tupu, jiko, na chubwi chache za kuvulia. Chubwi ni vile vizito vya risasi vinavyozamisha mshipi. Alikandamiza ngumi iliyobaki kwenye udongo, akapata tundu lenye umbo lake, akaiyeyusha risasi, akaimimina humo. Ilipopoa akaipiga tupa mpaka ikaingia kwenye bega la roboti.

Lakini ngumi aliyoigiza ilikuwa ya kulia. Basi roboti likawa na mikono miwili ya kulia, mmoja mwekundu wa plastiki, mmoja wa kijivu, kidole gumba kikiwa upande usio wake. Baba akaligeuza, akaliangalia, akasema, "Huyu katushinda adabu sote. Hana shoto, kwa hiyo hatokula kwa shoto."

Dada alicheka mpaka akapata kwikwi. Mkono ule haukuruka tena, ulikuwa mzito, na roboti lilikuwa likiinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo. Dada alilipenda hivyo hivyo. Aliolewa nalo, akalea watoto wanne nalo, akahamia Qurum nalo.

Mwaka jana kikundi chetu kilipata ukumbi wa kufanyia maonyesho madogo. Nikamwomba dada aniazime. Aina ile ni adimu sana siku hizi.

"Mchukue," akanambia. "Ila mrejeshe kama alivyo."

"Kwani nitamfanya nini?"

"Nnakujua wewe. Kitu hukipiti bila ya kukigusa."

Nilikuwa nimeshaagiza ngumi ya kushoto. Nilimpata mtu Japani aliyekuwa akiuza viungo vitupu, tukaandikiana miezi, na hatimaye ikanifikia ndani ya bahasha, imefungwa pamba, nyekundu, safi. Niliiweka kiganjani nikahisi kwamba nakwenda kulipa deni la utotoni. Nilitaka siku ya maonyesho dada aje aone kile nilichokizamisha baharini kimerudi. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Nakwambia nia ili ufahamu, si ili unisamehe.

Nikaung'oa mkono wa baba kwa koleo. Ulikuwa umeshika, ukatoka na vumbi la kijivu. Nikasafisha tundu la bega, nikaiingiza ngumi mpya, ikalia "tik", sauti ambayo mkusanyaji yeyote anaijua. Roboti likasimama wima.

Mkono wa risasi nikaufunga ndani ya gazeti, kwa sababu risasi ni sumu na hupakaza vidole. Jambo hilo pia mimi huwafundisha wanaoanza. Nikaenda kuutia kwenye pipa la taka la baladia, manispaa yetu, nje ya nyumba, nikarudi, nikanawa mikono kwa sabuni.

Sikusita hata kidogo. Nimejiuliza sana, nimetafuta kama palikuwa na lahadha moja moyo ulinishtuka. Haikuwapo.

Siku ya maonyesho dada alikuja alasiri, amevaa vizuri, kanunulia kikundi kizima sambusa. Akasimama mbele ya kabati la kioo lenye roboti lake muda mrefu.

"Mkono wa baba uko wapi?"

"Upo nyumbani," nikasema. "Nimeuweka pahala pazuri."

Huo ulikuwa uwongo wa kwanza. Ulinitoka wenyewe, mwepesi kama salamu.

"Alikuwa na maradhi gani hata ukamkata?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

"Nimemtengeneza, dada. Sasa amekamilika. Duniani hawako wengi kama huyu."

"Alikuwa kamili tangu zamani. Haya, ukimrejesha, mlete na mkono wake."

Pipa lilikuwa limeshamwagwa zaidi ya wiki. Nilikwenda kuliangalia hivyo hivyo.

Hapo ningeweza kumpigia simu. Ilikuwa ni maneno matatu tu: dada, nimeutupa, nisamehe. Badala yake nikaenda Sidab kwa rafiki yangu anayeuza vifaa vya uvuvi, nikanunua chubwi.

Akanitazama. "Ustadh, tangu lini wavua? Hao samaki utawasomesha kwanza au utawavua moja kwa moja?"

Nikamwambia ni za mjukuu. Tazama uwongo unavyozaana.

Nikafanya kama alivyofanya baba. Kopo, jiko, udongo. Ngumi tatu za mwanzo ziliharibika, ya nne ikatoka sawasawa, kidole gumba upande usio wake. Nikaipiga tupa. Nikaisugua kwa mchanga, nikailoweka kwenye chai kavu na masizi mpaka ikawa na uzee. Naona haya kusema hili, lakini nilifanya kazi nzuri na niliifurahia. Nilifika kudhani kwamba kutengeneza kwangu kwa mikono yangu kulikuwa namna ya kutubu.

Nilimpelekea roboti, na mkono ule nimeuviringisha kwenye kitambaa.

Dada akautoa. Akausogeza dirishani, akaugeuza. Kisha, mtu mzima yule, bibi wa wajukuu, akautia mdomoni na kuushika kwa meno ya pembeni, taratibu, kama mtu anayepima kitu. Akautoa, akaufuta kwa ncha ya mtandio.

"Meno yangu hayamo," akasema.

Sikumwelewa. Akakaa kitako, akanieleza.

Siku aliyokufa baba, wanaume tulimbeba kwenda kumzika. Wanawake, kama ilivyo desturi, walibaki nyumbani. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba imejaa watu, mama hajiwezi, yeye ndiye anayewapokea wanaokuja. Aliposikia wanaume wanatoka na jeneza, akaingia chumbani, akachukua roboti, akautia mdomoni ule mkono wa risasi akauuma, ili asipige kelele mama akasikia. Risasi ni laini. Meno yakaingia. Alama mbili juu, moja chini.

"Nyinyi mlikwenda naye mpaka mwisho," akasema. "Mimi nilikuwa na ule."

Nilikuwa nimeziona alama zile. Nilipoung'oa nilizipitishia kidole, nikasema moyoni, na tena umeharibika.

"Wa kweli uko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kuhusu ngumi kutoka Japani, kuhusu sumu ya risasi, gazeti, pipa. Nilijisikia nikieleza. Sauti yangu ilikuwa ile ile ninayoitumia kwenye kikundi. Hewa ya kiyoyozi ilikuwa ikinipiga shingoni, na nakumbuka niliwaza kwamba kichujio chake kinahitaji kusafishwa.

Dada alisikiliza mpaka nikamaliza. "Basi," akasema. "Nimefahamu."

"Nisamehe, dada."

"Kusamehe nshakusamehe, sina la kukudai kesho mbele ya Mungu. Lakini ungekuja ukanambia umeutupa, ningekutukana mpaka jirani wakatoka nje, kisha tungekula chakula cha mchana. Wewe umekaa ukanitengenezea baba wa bandia. Ukampaka na masizi."

Akalirudisha roboti ndani ya mfuko niliokuja nao, akanipa. "Mchukue. Umemhangaikia. Si wangu huyu."

Nikalichukua. Niliendesha gari mpaka nyumbani nikiheshimu kila taa. Sikulia. Hadi leo sijalia, na hilo pia linanitisha kidogo, ingawa kwa mbali, kama khabari ya mtu mwingine.

Pengine utasema, basi alikusamehe, unalalamikia nini? Nikwambie.

Idi iliyopita nilikwenda kwake na familia. Miaka yote kwa dada huingia kwa mlango wa jikoni, nafunua masufuria, ananipiga mkono kwa mwiko, ananambia sina haya. Safari hii mfanyakazi alitufungulia mlango wa mbele, akatupeleka majlis, chumba cha kupokelea wageni. Dada akaja, akasalimia kila mmoja kwa jina. Akanimiminia kahawa yeye mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, akanisogezea halwa na tende zilizokoshwa. Akaniuliza khabari za afya. Akaniuliza khabari za kazi. Hakunitania hata mara moja. Kisha akaleta chetezo cha udi, akanipitishia mbele ya kanzu.

Kwetu udi ukishapita, mgeni anaaga. Nikaaga.

Dada yangu hakunikasirikia. Ananikirimu. Amenifanya mgeni, na mgeni kwetu hanyimwi kitu, ila hakuna anayempiga kwa mwiko.

Roboti liko kwangu, kwenye kabati la kioo. Limekamilika. Wanachama wa kikundi wakija hulipiga picha, na mimi nawaeleza mwaka wa kutengenezwa na rangi zake. Sijambo, nakula, nalala. Mkono ule nilioutengeneza mimi umo ndani ya droo, sijui niufanye nini.

Kwa hiyo wewe unayekusanya, maroboti au saa au redio za zamani, usiache, ni mapenzi mazuri na mimi sitaki uyaache. Lakini kabla hujang'oa kilichobandikwa, muulize mwenyewe nani alikibandika, na siku gani, na ukae umsikilize mpaka amalize. Akikwambia "kama alivyo", mwache kama alivyo.

Na kama umeshang'oa, ukatupa, usiyeyushe kitu. Simu iko mkononi mwako. Mpigie leo akutukane, maadamu bado ana hamu ya kukutukana.