Alizeti Shingoni mwa Njiwa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hainitoki kichwani. Mama mtu mzima, rika la mama yangu mzazi, alipiga goti kidogo mbele yangu akasema, "Shikamoo, bosi." Nami, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijakaza, nikaitikia marahaba mbele za watu. Unajua hapa kwetu jambo hilo lina uzito gani. Nimeota mvi mpaka kwenye nyusi, na bado nikikumbuka natafuta pa kuuficha uso.

Juzi ulikuja kuniaga kwamba umepata kazi ya kuongoza wageni kule Mikumi. Ukaniomba nikufundishe, maana kijiji kizima kinanisifia kwa kazi niliyoifanya zamani. Nilicheka tu, nikakukaribisha chai. Leo nakujibu sawasawa.

Kazi yangu ilikuwa kuwaongoza wapiga njiwa. Bosi wangu alikuwa na kibali, gari na bunduki za marisau, zile za kupigia ndege. Mimi nilikuwa na macho na miguu. Wageni walilala Mikumi, wakatazama tembo na simba mbugani, ambako huruhusiwi kupiga hata shomoro, kisha gari likawaleta huku upande wa Kilosa, kwenye mashamba yetu ya mtama. Mimi nilitangulia kuangalia njiwa wanalala wapi, wanashuka wapi kunywa maji, wanapita juu ya miti ipi wakienda kula. Nikikosea, wageni wanachutama vichakani mpaka jua linawaka bila kufyatua risasi hata moja. Nilikuwa hodari, sikatai. Na maringo nilikuwa nayo: kofia ya kijani, filimbi shingoni, na Kiingereza cha kuokoteza nilichokitolea puani hata nikiongea na mwenye kioski.

Wakulima walitupenda. Njiwa walikula mtama wao, sisi tukawapunguza, na nyama nyingi tuliwaachia wao. Kwa hiyo tulikuwa tunapita mashambani mwa watu kama tuko kwetu.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, njiwa wakahama. Walikwenda mbali, kwenye mashamba ya kando ya mto Mkondoa. Bosi akaniita.

"Jumamosi ijayo wageni wanaingia. Wewe si ndiye fundi? Nataka ndege."

Ningesema hawapo, ningebaki mtu. Lakini niliona haya kuonekana kazi imenishinda. "Watakuwepo, bosi," nikasema.

Nikaenda mjini kwa mwenye mashine ya kukamua mafuta, nikachukua magunia ya alizeti, nikayamwaga kwenye shamba la mkonge lililoachwa, pale pembeni ya kijiji ambapo siku hizi pamebaki pori. Njiwa wakaja. Mwanzo wachache, kisha wengi, kisha wengi mpaka ukipiga makofi hewa yote inavuma. Wageni walifurahi, wakanipiga picha, na bosi akanishika bega. Nikaendelea kumwaga msimu mzima.

Nilichokuwa sijakifikiria, au niseme kweli, nilichokifikiria nikakisukuma pembeni, ni kwamba njiwa aliyeshiba alizeti asubuhi jioni ana njaa tena. Na hatua chache kutoka pale ndipo lilipoanzia shamba la mtama la Bi Sikudhani. Alikuwa mjane, analea wajukuu wawili walioachwa na binti yake marehemu. Mtama ule ndio ulikuwa chakula chao mpaka mavuno mengine, hakuwa na kitu cha pili. Nilimwona akiamia ndege peke yake, anapiga debe bovu na kukimbia kutoka ncha hii ya shamba mpaka ile, sauti imemkauka. Nilipopita na wageni nilimpungia mkono. Mwanangu, nilimpungia mkono!

Mavuno yalipofika, masuke yake yalikuwa matupu. Majirani zake nao walipoteza sana, ila yeye ndiye aliyebaki bila kitu. Akaja kuniomba kazi. Tulikuwa na akina mama wachache waliokuwa wakinyonyoa njiwa kwenye kambi ndogo tuliyokuwa nayo pale kijijini, nikamwongeza. Nilijiona mtu mwema, nakuapia. Nilirudi nyumbani siku ile nikipiga mluzi.

Baadaye kidogo ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akasimama akasema mwaka huu njiwa wamekuwa janga, na kama si Hamisi na bunduki za wageni wake, basi hata kile kidogo tulichovuna tusingekivuna. Watu wakanipigia makofi. Bi Sikudhani alikuwa amekaa mstari wa mbele, naye alipiga, tena kwa nguvu. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Haukupita muda, mchana mmoja, nimekaa kambini nakunywa chai, akanijia na kisosi mkononi. Akakiweka mezani kwangu. Ndani yake mlikuwa na punje za alizeti zenye utelezi.

"Hamisi," aliniita. Wakati ule bado alikuwa akiniita kwa jina. "Hizi nimezitoa shingoni mwa njiwa wako, kwenye kile kifuko chao cha chakula. Huku kwetu nani kalima alizeti?"

"Hawa wanatoka mbali, mama. Labda ng'ambo ya mto."

"Jana nilikwenda kuokota kuni kule kwenye mkonge. Maganda yamejaa chini. Na magunia nimeyaona."

Nikaweka kikombe chini. Nilitegemea atapiga kelele, na moyoni nilikuwa nimeanza kutunga uongo mwingine. Hakupiga kelele.

"Simwambii mtu," alisema. "Nikisema, kazi hii inakufa, na wajukuu zangu wanakula kwa kazi hii. Mtama hakuna tena." Akachukua kisosi chake, akarudi kunyonyoa.

Kesho yake ndiyo asubuhi ile niliyokuambia. Wageni walikuwa wanashuka garini, bosi yupo, akina mama wameshakaa kwenye vigoda vyao. Bi Sikudhani akapita mbele yangu, akapiga goti. "Shikamoo, bosi." Kama ingekuwa kejeli ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Haikuwa kejeli. Aliisema kwa upole, kama mtu anayejua chakula chake kimo mkononi mwa nani. Wenzake wakaacha kunyonyoa, wakaniangalia. Nafasi ya kusema, "Mama, usinifanyie hivyo, shikamoo wewe," ilikuwepo kabisa. Lakini bosi alikuwa anatazama. "Marahaba," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Tangu siku ile niliacha kumwaga alizeti. Usinisifu kwa hilo. Niliacha kimyakimya, bila kumwambia mtu sababu. Njiwa wakaondoka, wageni wakapelekwa kwingine, na waliokosa kazi wa kwanza walikuwa wanyonyoaji. Bi Sikudhani akafunga vyombo vyake, akawashika wajukuu mikono, akahamia Kidete kwa kaka yake. Kwa hiyo nilimnyang'anya mara mbili.

Nilichelewa sana kumfuata. Nilipanda treni, na kwenye kituo cha Munisagara nusura nishuke nirudi zangu nyumbani. Nikamkuta anapalilia shamba la watu. Nilimweleza yote nimesimama juani, yeye ameegemea jembe, ananisikiliza bila kunikatiza.

"Mimi nimeshakusamehe siku nyingi," alisema. "Nisingeweza kutembea na kinyongo na huku nalea. Lakini mtama ulioliwa haukuwa wangu peke yangu. Wale wengine umewaambia?"

"Bado, mama."

"Basi nenda kawaambie."

Nilimwahidi. Sikuwaambia. Nilisema nitangoja mkutano ujao, kisha mwingine, kisha nikaoa, nikawa mtu wa heshima zake, na ikawa vigumu zaidi. Yeye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Na mpaka leo, kila harusi, kila msiba, hakosi mtu wa kuninyooshea kidole kwa vijana: "Mzee Hamisi huyu ndiye aliyetukinga na njiwa." Wengi walionipigia makofi wamekufa wakiamini hivyo. Mimi hunyamaza, nikala wali wa watu. Ndizo hizo sifa zilizokuleta kwangu.

Sasa sikia ninachotaka uende nacho. Mgeni akija na mnyama hayupo, mwambie hayupo. Atanuna, atakushitaki kwa bosi wako, pengine utafukuzwa; kazi nyingine utapata. Watu unaofanyia kazi katikati yao usiwafanye chambo, maana wao ndio utakaobaki nao gari la wageni likishaondoka. Ukishukuriwa kwa jambo ambalo si lako, likatae palepale. Ukiliacha lilale, asubuhi litakuwa limekuzidi nguvu. Na aliyekuzidi umri akikunyenyekea kwa sababu ya njaa, usiitikie. Kaa naye chini umuulize umemkosea wapi.

Jumapili hii kuna mkutano wa kijiji. Nimemwomba mwenyekiti anipe nafasi, naye anadhani nataka kuzungumzia maji. Nitasimama niwaambie waliobaki nani aliula mtama wao. Naogopa, mwanangu. Kabla hujaondoka, njoo ukae karibu yangu. Sitaki unitetee, nataka uzione nyuso zao.

Mungu akupe riziki ambayo haikumliza mtu. Akupe na ulimi mwepesi wa kukiri ungali kijana, usije ukasubiri uzee kama mimi. Nenda Mikumi salama.