Glavu ya Maji Moto

Harufu ya glavu iliyojazwa maji moto hunirudisha kwenye wodi ya watoto, asubuhi moja ya baridi ya Eldoret. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mgonjwa wa selimundu kama mimi, alilia sana, akadungwa sindano, akanyamaza. Walipomfunika uso, nikajua ni sindano imemuua.

Kwa hivyo sista alipokuja na trei yake na kuniuliza, "Unasikia uchungu wapi, mami?" nilisema sisikii, ilhali mifupa ilikuwa inawaka moto.

Hakubishana. Aliinua blanketi, akaona vidole vya miguu vimejikunja, akaniwekea ile glavu mkononi ili mshipa utokee, apate pa kudunga. Nikafumba macho nife; nikaamka mifupa imepoa.

Leo msichana mdogo ameniambia, "Sisikii uchungu, sista."

Nimefunga glavu ya maji moto, nikainua blanketi.